Marahaba Inayofika Njiani

Vijana wa idara, siku mliponiaga mlinipa keki na kitenge, mkaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa mlipokuwa bado mnabebwa mgongoni. Keki ilikuwa nzuri. Hotuba zilikuwa fupi kuliko nilivyostahili, kwa hiyo yaliyobaki nitayasema mwenyewe. Vyeo na mishahara sitavigusa. Nitaandika juu ya pumzi, kwa sababu katika kazi yetu ndicho kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote kati ya Songea na ziwa, na sitajifanya sijui.

Nilizaliwa Namswea, hukuhuku Mbinga, binti wa mkulima wa kahawa ambaye aliamini kwamba mtoto wa kike akishajua kuandika jina lake elimu imetosha. Niliondoka nyumbani na mfuko mmoja wa nguo, nikapata kazi ya kufua mashuka katika hospitali moja ya kaskazini. Mchana nilifua, jioni nilisoma. Nilifanya mtihani nikafeli, nikarudia nikafaulu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ninapoona baadhi yenu mnalalamika kwamba intaneti ya hospitali ni ya polepole, huwa nanyamaza, lakini mjue nanyamaza kwa sababu ya malezi tu. Stashahada yangu ya fiziotherapia ina harufu ya sabuni.

Aliyenifundisha kazi ni mwalimu mmoja wa chuoni, Bi Salome, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana. Siku ya kwanza wodini alitupeleka kwa mgonjwa wa kiharusi, akatuuliza tungeanzia wapi. Wenzangu wote walikimbilia mkono uliopooza, na mimi nikakimbilia mguu ili nionekane tofauti. Bi Salome alitusogeza pembeni, akaweka viganja vyake kwenye mbavu za chini za yule mzee, kimoja kila upande.

"Njoo uweke vyako," akaniambia. "Unasikia nini?"

"Huku kunapanda, huku kumelala."

"Sasa ubongo uliosahau mkono, kwa nini ukumbuke mbavu? Mkono mgonjwa anauona, ataulilia. Mbavu hazioni. Zitamwua huku ninyi mnanyoosha vidole."

Sikumsikia akisema jambo kubwa kuliko hilo. Kiharusi hudhoofisha misuli ya upande mmoja wa kifua, na ya tumbo, na ile iliyotandazwa chini ya mapafu. Mtu anabaki akivuta pumzi fupi za juujuu. Kikohozi chake hakina nguvu ya kutoa makohozi, kwa hiyo yanabaki ndani, na baada ya miezi au miaka watu wanasema marehemu alikufa kwa kichomi. Kweli ni kichomi, ila kilifunguliwa mlango na kiharusi.

Nilirudi Mbinga miaka ile ya ruksa, soko la kahawa lilipofunguliwa na malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda milima yetu. Watu waliezeka bati, walinunua redio, na kila kipande cha shamba kilicho karibu na barabara kikageuka lulu. Nilipokwenda kuripoti hospitalini, mganga mkuu alinipokea vizuri, akaniuliza kama ninakanda.

"Nina stashahada ya fiziotherapia, mganga."

"Hongera sana. Lakini unakanda?"

Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Nilivitoa mwenyewe. Vifaa nilivitengeneza mwenyewe vilevile: mifuko ya mchanga niliishona kwa mkono, na kioo nilikinunua mnadani. Mashine ya kupimia pumzi, ile niliyoizoea chuoni ambayo mtu anapuliza na sindano inachora, haikuwepo, wala mtu aliyewahi kuiona hakuwepo. Nilichukua chupa ya dripu iliyokwisha, nikaiosha, nikatia maji na kipande cha mpira wake, mgonjwa apulize mapovu. Maji yakiwa mengi, kazi inakuwa ngumu zaidi. Mnaponunua vifaa vya plastiki vya rangi tatu, kumbukeni kwamba vinafanya kazi ya chupa yangu.

Mara moja kwa mwezi tuliteremka ziwani na gari la chanjo, mpaka Mbamba Bay. Huko nilimpa chupa msuka nyavu mmoja aliyepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Aliniangalia kwa huruma. "Dada, mimi nimezamia ziwa hili tangu nina meno ya utoto. Leo unanifundisha kupuliza maji?" Akapuliza. Povu likatoka dogo, la dagaa mmoja. Akaitazama chupa, akaivuta karibu, akaanza tena. Wanyasa wanabisha kwa mdomo tu. Mikono yao inasikia.

Kazi ambayo najivunia kuliko zote, hata hivyo, haikufanyika ziwani wala hospitalini. Ilifanyika Mkumbi, kwa Mzee Otmari.

Binti yake, Fides, alikuja hospitalini kwa miguu kuomba dawa ya kikohozi. Daktari wa zamu alimwuliza baba yake anakohoaje, naye akajibu, "Baba anakohoa kama mtu anayeomba ruhusa." Nilikuwa napita kwenye korido. Nikasimama hapo hapo. Alisema baba yake alipatwa na kiharusi zaidi ya miaka miwili iliyopita, upande wa kushoto. Nikamwambia arudi nyumbani, nitakuja.

Mkumbi ni baridi. Nyumba yao ilikuwa mgongoni mwa mlima, chini yake ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, zimejipanga kama sega la nyuki, na kati ya nyumba na ngoro kuna kahawa, kisha njia ya miguu inayokwenda shuleni. Mzee Otmari nilimkuta jikoni, amelazwa chali kando ya moto, moshi umetanda juu yake kama blanketi la pili. Walimweka pale kwa mapenzi, apate joto.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Midomo yake ilitamka marahaba. Sauti haikutoka.

"Amesema marahaba," Fides akasema.

"Nimemsalimia yeye, si wewe."

"Tunamsaidia, mama. Akisema anachoka."

Nikamkalisha, nikamwegemeza kwenye gunia la mahindi, nikaweka viganja. Kulia kunapanda, kushoto kumelala. Nikamwambia akohoe. Kilitoka kitu kidogo mno. Akili yake ilikuwa kamili, maneno yake sahihi, lakini kila sentensi ilimfia katikati, na alipotulia kuvuta hewa, Fides alikuwa ameshaimaliza. Mara nyingi aliimalizia vibaya. Mzee alifumba macho tu.

"Baba," nikamwuliza, "tuanze na nini? Mkono, au mguu?"

Alichukua muda. Nikamwinulia Fides kidole asiseme.

"Sengu," akasema.

Ninyi mliotoka mbali mjue kwamba sengu kwa Wamatengo ni wanaume wa ukoo kukaa pamoja, kula pamoja, na kuzungumza mambo ya ukoo wakishashiba. Wanawake wanapika na kukaa jikoni, na kwa kuwa kuta si nene, wanasikia yote. Mzee Otmari ndiye aliyekuwa mkubwa wa sengu ile. Tangu augue alikuwa anapelekwa, anakula, anarudishwa.

Alichotaka kusema nilikielewa aliporudi mdogo wake, Kasiani, kutoka shambani. Fides alikuwa ameolewa Lituhi, mumewe akafa, akarudi kwa baba yake na watoto wawili. Ndiye aliyemwuguza mzee. Mzee alitaka kumpa shamba la kahawa la kijitoni, lile lililo karibu na mahali malori yanaposimama. Katika ukoo wao binti hapewi kahawa isipokuwa baba mwenyewe aseme, kwa kinywa chake, kwenye sengu. Asiposema, shamba linakwenda kwa wanaume wa ukoo, yaani kwa Kasiani na wanawe.

"Aandikishe basi," nikamwambia Kasiani. "Aweke dole gumba, padri ashuhudie."

Kasiani alikaa kwenye kigoda, akavua buti zake za mpira. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu. "Karatasi haili na sisi, mama," akasema. "Na neno likipita kwa Fides, linakuwa neno la Fides. Fides ndiye anayetaka shamba. Kaka yangu akisema mwenyewe, tukasikia, mimi ni nani nibishe?"

"Na ukisikia utakubali?"

"Nikisikia."

Nilitazama uso wa Mzee Otmari. Watu wa kiharusi wa miaka miwili mara nyingi wameshaagana na kila kitu. Huyu alikuwa bado hajaaga. Nikasema moyoni, mwanamke, stashahada yako uliipata kwa ajili ya jiko hili.

Tulianza kwa kumtoa kwenye moshi. Nilimtafutia kiti chenye mgongo, nikamweka barazani mahali jua la asubuhi linapofika, blanketi mapajani. Mtu aliyelala chali anapumua kwa nusu ya nusu. Nilimfundisha kuvuta hewa kwa pua mpaka kiganja changu kwenye ubavu wa kushoto kisukumwe, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyobana, kama anayepoza uji. Nilimfundisha kukohoa kwa kuinama mbele na kujikandamiza tumbo kwa mkono wa kulia. Fides alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wengi niliowapokea baadaye wakiwa na barua za chuo. Kitu kimoja tu kilimshinda: kunyamaza baba yake akiwa katikati ya sentensi.

"Mama, inauma kumtazama."

"Iume. Maneno ni uzito wake wa kunyanyua. Ukimbebea, atakuwa lini na nguvu?"

Siku ya tatu au ya nne kufika kule, nikiwa nateremka, niliona jambo. Watoto wa shule walikuja njiani wakipiga kelele kama kawaida yao. Walipofika usawa wa nyumba, wakanyamaza wote. Wakapita wakinyata, mmoja amejiziba mdomo. Kwa Wamatengo mtoto kupita chini ya nyumba ya mzee bila kusalimia ni jambo la kuchapwa. Nikawasimamisha.

"Mbona hamjamsalimia babu?"

"Tumekatazwa," akajibu binti mmoja. "Tukimsalimia atalazimika kuitikia. Anachoka."

Nikauliza na wakubwa. Ni kweli. Mlima mzima ulikuwa umekubaliana. Wanawake wanaotoka kuchota maji, wanaume wanaokwenda kwenye kahawa, wote walikuwa wanapita kimya kwa miaka miwili, kwa heshima. Mzee ambaye zamani aliitikia marahaba kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, sasa haitikii hata moja. Walimpenda mpaka wakamnyang'anya mazoezi yake yote.

Jumapili baada ya misa nikaomba nafasi ya kutangaza. Katekista alinipa dakika chache akidhani nazungumzia chanjo. Nikasema: kuanzia leo, yeyote apitaye chini kwa Mzee Otmari amsalimie kwa sauti, na asiondoke mpaka marahaba imfikie. Asikubali kuletewa marahaba na Fides. Watu waliguna. Bibi mmoja aliuliza kama huko nilikosomea wazee hawahurumiwi. Nikamjibu kwamba wanahurumiwa kwa akili.

Mwanzoni marahaba haikutoka barazani. Wasalimiaji walilazimika kupanda mpaka miguuni pake. Kisha ikafika kwenye mti wa kwanza wa kahawa. Kisha kwenye mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Niliiacha chupa yangu ya mapovu pale nyumbani kwa mazoezi ya ndani, lakini sikuihitaji tena kwa vipimo. Nilikuwa nikifika nauliza tu, imefika wapi, na mtu yeyote njiani aliweza kunijibu. Hakuna hospitali ya rufaa iliyokuwa na mashine ya kupimia pumzi yenye watu wengi kama ile.

Watoto waliifanya mchezo. "Babu, haijafika," walipaza sauti kutoka njiani. "Imeishia kwenye kahawa." Mzee alivuta tena hewa, ubavu wa kushoto ukijaribu kumfuata wa kulia, akatuma nyingine. Siku moja nilikuwepo, mwanamke mmoja akasimama njiani na mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo, baba. Nasubiri. Kuni ni nzito, fanya haraka."

Mzee akavuta hewa. "Zitue," akasema, na ikafika.

Yule mama alicheka mpaka akazitua kweli. Mzee naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kilikuwa kikohozi hasa, cha mtu mwenye nyumba yake. Kikatoa makohozi ya miezi. Fides alikuja mbio. Nikamwambia alete kopo, si machozi.

Basi nikaona mambo yameiva, nikaruhusu mzee aseme kwenye sengu. Nilikaa jikoni na wanawake, karibu na Shangazi Kunigunda, dada mkubwa wa Otmari na Kasiani, mwanamke aliyezoea kuongea huku akisonga ugali. Upande wa pili wa ukuta wanaume walinawa, wakala. Otmari, kama mkubwa, alikula wa kwanza na alitakiwa kuacha wa mwisho. Waliposhiba, nikamsikia akivuta hewa. Akasema neno moja, la pili likakatika, kisha kikohozi, na kikohozi hakikuisha.

"Kaka amechoka," sauti ya Kasiani ikasema, kwa upole. "Tusimtese. Tutazungumza baada ya mavuno."

Fides aliweka mwiko chini. "Mama, mara nyingine ikishindikana, mimi narudi Lituhi kwa wakwe na watoto hawa. Na kule mahali pangu pameshakaliwa."

Vitabu nilivisoma vingi kuliko wengi, na katika vyote hapakuwa na sura ya sengu. Ilibidi niiandike mimi. Usiku ule sikulaumu mbavu. Nililifikiria lile tonge. Kila unapomeza, pumzi husimama ipishe chakula. Ninyi wazima hamlioni, kwa sababu akiba yenu ni kubwa. Mtu wa kiharusi anakula huku anahesabiwa hewa, na akishamaliza sahani ya mkubwa wa ukoo, amemaliza na hewa ya kusemea. Marahaba alikuwa anaituma tumbo likiwa tupu, asubuhi. Tulikuwa tumemfundisha kunyanyua mzigo, kisha siku ya kuubeba tukampandisha mlima kwanza.

Nilimfuata Kasiani kwenye mavuno. Alikuwa anamenya kahawa, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine unasukuma matunda mekundu.

"Baba mdogo, naomba mara hii mzee aseme kabla ya kula."

Aliendelea kuzungusha. "Tangu lini sengu ikasema na njaa? Watu wenye njaa wanagombana."

"Mkigombana mtagombana kidogo. Ataongea kidogo."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa mtakula, na mimi sitakusumbua tena."

Akasimamisha mpini. "Mama, unadhani nataka kaka yangu ashindwe."

"Nadhani unataka shamba la kijitoni."

"Nalitaka," akasema. Nilimheshimu kwa jibu hilo. "Lakini nalitaka kwa haki. Haya. Atasema kwanza. Ila mimi nitakaa mahali pangu, mlangoni, wala sisogei. Mdogo husikia kutoka mahali pake."

Mahali pake palikuwa mwisho wa chumba. Nikakubali, kwa sababu njiani kulikuwa mbali zaidi, na kwa sababu mimi huwa siachi changamoto ipite bila kuisalimia.

Katika wiki zilizobaki tulifanya kazi ya mwisho, ambayo nawaomba muishike kuliko zote. Mgonjwa wa namna hii akianza sentensi, maneno ya kwanza yanapata hewa yote, ya mwisho yanabaki na njaa. Na sisi kwa kawaida jambo kubwa tunaliweka mwisho, baada ya kuzunguka na kushukuru wote waliohudhuria. Nikamwambia Mzee Otmari aache kuzunguka. Kwa kila pumzi, maneno machache, na lililo kubwa litangulie. Halafu avute hewa tena bila aibu, wangoje.

"Ni kukosa adabu," akasema. Pumzi. "Kusema hivyo."

"Wewe ni mkubwa, baba. Adabu watakuwa nayo wao."

Sengu ilikuwa Jumapili mchana, baada ya misa. Chakula kilikuwa tayari, kimefunikwa, na wanaume walikaa bila kunawa, wakikohoakohoa kama watu waliokaa upande usio wao kanisani. Jikoni hakuna aliyegusa kitu. Fides alisimama na beseni la maji mikononi, hakukumbuka kuliweka chini.

Kupitia ukutani nikasikia pua ya Mzee Otmari ikivuta hewa, taratibu, mpaka chini. Viganja vyangu vilijifungua vyenyewe, kama vimewekwa kwenye mbavu zake.

"Fides," akasema.

Hewa.

"Shamba la kijitoni."

Hewa.

"Ni lake. Nimesema mimi."

Kuku alipita mlangoni akilalamika. Kisha sauti ya Kasiani.

"Kaka, sikusikia vizuri."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Niliinuka. Nilikuwa na maneno, na mnanijua, maneno yangu hayakosi hewa. Shangazi Kunigunda alinishika kifundo cha mkono.

"Kaa," akasema. "Huko si kwako."

Nikakaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wa chuo. Upande wa pili hakuna aliyemsaidia mzee, hakuna aliyemmalizia. Walikuwa wanangoja, wote, wanaume wenye njaa mbele ya ugali unaopoa. Nikasikia akiinama mbele, kiti kikilia. Akakohoa mara moja, akasafisha njia. Akavuta hewa ndefu.

"Kasiani."

Hewa.

"Fides ana shamba la kijitoni."

Hewa.

"Wewe ni baba yake mdogo."

Hewa, ndefu zaidi, nikadhani imekwisha.

"Umwoneshe mipaka."

Shangazi Kunigunda alifunua sufuria, akakoroga kunde ambazo hazikuhitaji kukorogwa. "Kasiani," akasema kuelekea ukutani, bila kupaza. "Mimi na masikio yangu ya kizee niko huku jikoni na nimesikia mara zote mbili. Ukitaka aseme ya tatu, njoo upike wewe, sisi tupumzike."

Mtu mmoja mle ndani alicheka puani.

"Nimesikia, kaka," Kasiani akasema. "Mipaka nitamwonesha kesho asubuhi."

Fides alikuwa bado amesimama. Ilibidi nimsukume kidogo ndipo akaenda na maji, nami nikamfuata mpaka mlangoni, maana mtaalamu ana haki ya kumtazama mgonjwa wake. Kwenye ukoo ule anayenawisha ni kijana mdogo kuliko wote. Kijana aliinuka kupokea beseni. Kasiani akamtangulia. Alilichukua mikononi mwa Fides, akapita katikati ya wanaume, akapiga goti mbele ya kiti cha Mzee Otmari. Akamnawisha mkono wa kulia, wa kulia chakula. Kisha akauinua ule wa kushoto uliokuwa umelala pajani, ambao haukuwa na kazi yoyote kwenye ugali, akauosha pia, polepole, kidole baada ya kidole, akaufuta kwa shati lake, akaurudisha mahali pake. Ndipo akanawa wa kwake.